Watu Watasema Nini? Fundisho juu ya Nguvu ya Desturi

Maneno haya machache, "Watu watasema nini?", yana amri kubwa nyumbani mwetu kuliko sheria nyingi za Serikali. Ndiyo yamfanyayo baba akope fedha ili harusi ya binti yake isipungukiwe na kitu mbele ya wageni. Ndiyo yamwamshayo kijana alfajiri aende kuchimba kaburi la jirani ambaye hata hakupatana naye. Ndiyo yamzuiayo mlevi asitukane mbele ya wakwe zake. Na katika mahali pengi, ndiyo yamfanyayo mama mwenye upendo ampeleke mtoto wake kwenye kisu, hali moyoni mwake analia.

Wasomaji wapendwa, katika fundisho hili twataka kuitazama nguvu hiyo: yafanyaje kazi, yamtendaje yule anayeiacha njia ya wenzake, na yawezekanaje desturi mbaya ikome pasipo kuivunja jamii yenyewe. Jambo hili si la wataalamu peke yao. Kila mzazi hutawala kwa nguvu hiyo, naye mwenyewe hutawaliwa nayo, kila siku ya maisha yake.

I. Desturi ni mlezi

Mtoto hazaliwi na adabu. Huzaliwa na njaa na kilio tu. Mengine yote hufundishwa. Hufundishwa kumwamkia mkubwa, kupokea kitu kwa heshima, kunyamaza wazee wasemapo, kutokula mbele ya mgeni pasipo kumkaribisha. Hakuna aliyemwandikia kanuni hizo kitabuni. Alizisoma katika nyuso za watu: uso ukikunjamana alijua amekosa, uso ukichangamka alijua amefanya vema. Baada ya miaka michache hahitaji tena kutazamwa, maana huona haya hata akiwa peke yake gizani.

Kazi hii ni njema, na hatuna budi kuisifu. Bila desturi, kila asubuhi tungekuwa na shauri jipya juu ya nani apishe njiani, nani azikwe na nani, mgeni apewe nini. Desturi yatuondolea mzigo huo. Tena yatupatia kwetu, maana kuwa mtu wa mahali fulani ni kujua mambo yao na kujulikana nao. Ndiyo sababu wazee walisema, "Mwacha mila ni mtumwa." Mtumwa wa zamani alikuwa hasa mtu aliyeng'olewa kwao, asiye na jamaa wa kumtetea wala wa kumlilia.

Lakini wazee hao hao walisema pia, "Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho." Methali hii twaitaja mara nyingi kama shauri la busara tu, wala hatuifikiri mpaka mwisho. Wenye chongo hawakumwamuru mgeni afumbe jicho lake. Analifumba mwenyewe, asije akawa kioja. Na akikaa huko miaka mingi, watoto wake watafumba jicho pasipo kujua kwamba walizaliwa na macho mawili mazima.

II. Jaribio la mistari

Je, nguvu hiyo yapimika? Mtaalamu mmoja wa elimu ya nafsi, Solomon Asch, aliyezaliwa Warsaw mwaka 1907 na kuhamia Marekani, alijaribu kuipima. Kuanzia mwaka 1951 alitoa habari za majaribio aliyowafanyia wanafunzi wa vyuo vikuu.

Aliwaketisha vijana kadhaa katika chumba kimoja, akawaonyesha kadi mbili. Katika kadi ya kwanza palikuwa na mstari mmoja. Katika kadi ya pili palikuwa na mistari mitatu, na mmoja tu kati yake ulikuwa sawa na ule wa kwanza kwa urefu. Kila kijana alitakiwa kuutaja mstari huo kwa zamu, kwa sauti, wenzake wakisikia. Lilikuwa swali rahisi kabisa: watu waliojibu pasipo kusongwa na wenzao walikosa chini ya mara moja katika mia.

Lakini palikuwa na siri. Vijana wote, isipokuwa mmoja, walikuwa wamekwisha kupatana na Asch. Katika zamu 12 kati ya 18 walitaja wote mstari ule ule wa uongo, bila kucheka wala kusita. Yule mmoja asiyejua siri aliketi karibu na mwisho, hata zamu yake ilipofika alikuwa amesikia sauti nyingi zikipinga jambo aliloliona kwa macho yake.

Basi, katika vijana 123 waliojaribiwa hivyo, majibu kama 37 katika kila 100 yalifuata uongo wa wengi. Watatu katika kila wanne walishindwa angalau mara moja. Mmoja katika kila wanne hakukubali hata mara moja. Walipoulizwa baadaye, baadhi ya walioshindwa walisema kwamba walidhani macho yao wenyewe yana kasoro, maana haiwezekani watu wote wakose. Wengine walisema kwamba walijua kweli, lakini hawakutaka kuonekana wa ajabu.

Tafadhali, msomaji, liangalie jambo hili vizuri. Hapakuwa na bakora, wala faini, wala laana ya mzee. Hakuna aliyekuwa akioa kwao wala kuzikwa nao. Baada ya saa moja wangetawanyika, labda wasionane tena. Hata hivyo wengi walikana walichokiona. Je, msichana wa miaka kumi na miwili atasimamaje mbele ya bibi yake, shangazi zake, rika lake na kijiji kizima?

Kisha Asch alibadili jambo moja. Alimwekea kijana yule mwenzake mmoja tu wa kusema kweli. Majibu ya uongo yakapungua, yakawa kama robo ya yale ya kwanza. Tutalirudia jambo hili hapo mbele, maana ndani yake mna dawa.

III. Kamba tatu za desturi

Sasa tuichukue desturi moja iliyo karibu nasi, ili tuone kamba zake. Ni ile ya kuwakata wasichana, iitwayo ukeketaji. Mwaka 2024 UNICEF ilikadiria kwamba wasichana na wanawake zaidi ya milioni 230 walio hai duniani wametendewa hivyo, wengi wao katika Afrika, wengine katika Asia na nchi za Mashariki ya Kati. Hauna faida yo yote kwa mwili. Madhara yake yajulikana: kutokwa na damu nyingi, vidonda, maumivu ya muda mrefu, na taabu wakati wa kujifungua. Hakuna neno juu yake katika Biblia, wala katika Kurani. Hata hivyo wako Wakristo, Waislamu na wafuasi wa dini za jadi walioushika kwa karne nyingi. Kwa nini?

Kamba ya kwanza ni kuiga. Mama alitendewa, bibi alitendewa, majirani wote walitendewa. Jambo lifanywalo na wote halionekani kuwa jambo; huwa kama kuota jua asubuhi.

Kamba ya pili ni hukumu. Watu hawafanyi tu, bali husema kwamba ndivyo ipasavyo. Msichana aliyekatwa husifiwa kuwa msafi, jasiri, mtu mzima. Asiyekatwa huitwa mtoto, hata akiwa na watoto wake mwenyewe.

Kamba ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ni ndoa. Mahali ambapo kila kijana hutafuta mke aliyekatwa, mzazi anayemwacha binti yake mzima humwona kama anamfungia mlango wa kuolewa. Kwa hiyo mzazi huyo hakati kwa sababu ya ukatili. Akata kwa sababu ampenda mtoto wake, naye anamtakia mahali katika jamii. Tusipolielewa jambo hili tutawatukana wazazi bure, nao hawatatusikia.

Juu ya kamba hizo tatu liko fundo, nalo ni kimya. Huenda baba mmoja haipendi desturi hiyo, na jirani yake vile vile haipendi, na mwalimu, na katekista. Lakini hakuna asemaye. Kila mmoja akitazama nje aona wenzake wametulia, hudhani ni yeye peke yake mwenye mashaka, naye atulia. Hivyo kimya cha huyu huwa ushahidi kwa yule, na desturi yaendelea kubebwa na watu ambao labda nusu yao wametamani kuitua.

Jambo hili halipatikani vijijini tu. Mwaka 1993 wataalamu wawili, Deborah Prentice na Dale Miller, walitoa habari za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Wengi wa wanafunzi hao hawakuridhika na ulevi wa chuoni, lakini kila mmoja alidhani wenzake waridhika nao kuliko yeye. Na sisi je? Ni nyumba ngapi ambazo mume na mke hunung'unika usiku juu ya michango mikubwa ya harusi, kisha asubuhi waketi katika kamati na kuipandisha?

IV. Yule anayekwenda kinyume

Kila jamii ina watu wanaoitwa waasi, wahuni, wapotovu. Labda msomaji atadhani kwamba watu hao ni wa aina yao tangu kuzaliwa, na kwamba jamii iliyotakaswa kabisa isingekuwa nao. Mfaransa Émile Durkheim, mmoja wa waanzilishi wa elimu ya jamii, alilijibu wazo hilo mwaka 1895. Alitaka tufikiri monasteri ya watakatifu watupu. Humo hakuna mwizi wala muuaji. Je, hamtakuwa na makosa? Yatakuwamo. Kosa dogo ambalo huku nje halitazamwi, kama vile kuchelewa au kusema neno la ukali, humo litaonekana kuwa aibu kubwa. Maana kila jamii huweka mpaka, na palipo na mpaka hapakosi mtu wa kuuvuka.

Mwaka 1963 Mmarekani Howard Becker aliongeza neno. Alisema kwamba upotovu haumo ndani ya tendo peke yake, bali pia katika kanuni iliyowekwa na watu na katika jina wampalo mvunjaji wake. Twaweza kuliona jambo hili kwa urahisi. Msichana anayekimbia kukatwa, kijijini kwake huitwa mwasi; hatua chache barabarani, shuleni, huitwa shujaa. Miguu ni ile ile na mbio ni zile zile.

Hatusemi kwamba kila mtu aliyefukuzwa na wenzake ana haki. La hasha. Mwizi naye hutengwa, na ni vema aone haya. Wala hatusemi kwamba mema na mabaya ni mambo ya kupatana tu, kama bei ya sokoni. Twasema kwamba wingi wa watu si kipimo cha haki, na hasira ya watu si ushahidi wa dhambi. Kipimo chatakiwa kiwe kingine. Tunaposhika desturi yo yote, yafaa tujiulize mambo matatu. La kwanza: Je, yamwumiza mtu asiyeweza kukataa? La pili: Je, sababu yake yaweza kusemwa waziwazi mbele ya yule anayeumia? La tatu: Kama wenzetu wote wangetufungulia leo, je, tungeishika bado? Kuwaamkia wazee na kuwazika majirani vyashinda katika maswali yote matatu. Kuwakata watoto hakushindi hata katika moja.

Tena tuangalie silaha inayotumika kumrudisha anayekwenda kinyume. Mara chache ni fimbo. Kwa kawaida ni kicheko, wimbo wa kejeli, jina baya kisimani, kutoitwa kwenye ngoma. Watunga sheria wa Kenya waliijua silaha hiyo. Katika sheria yao ya mwaka 2011 ya kukataza ukeketaji hawakumtia hatiani mkataji peke yake. Walifanya kuwa kosa pia kumtukana au kumdhihaki mwanamke kwa sababu hakukatwa, au mwanamume kwa sababu amemwoa. Ni sheria yenye hekima, maana imeigusa ile kamba ya hukumu.

V. Amri isiyo na mapatano

Je, sheria yatosha? Historia ya Wameru wa Kenya yatupa jibu. Mwezi wa Aprili 1956 baraza la wazee wao, liitwalo Njuri Ncheke, lilipiga marufuku ukataji wa wasichana katika nchi yao, na maofisa wa Kiingereza waliliunga mkono. Ilikuwa amri iliyo wazi, imetolewa na wazee wenye heshima, tena ilikuwa na mahakama nyuma yake.

Likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Wasichana wenyewe walinunua nyembe madukani, wakaenda porini makundi makundi, wakakatana wao kwa wao. Waliitwa Ngaitana, maana yake, "Nitajitahiri mwenyewe." Katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa kwa kuivunja amri ile.

Tusiwacheke mabinti hao, bali tujiulize: walitaka nini? Hawakutaka maumivu. Walitaka kuwa watu wazima. Amri iliwaondolea kisu, lakini haikuwaonyesha mlango mwingine wa kuutoka utoto. Dada zao walikuwa wamepita. Wao wangebaki nje, wakiitwa watoto maisha yao yote. Tena amri ilitoka kwa wanaume na Serikali, hali jambo lenyewe lilikuwa mikononi mwa akina mama na mabibi, ambao hawakuulizwa. Na wakati ule ulikuwa wa vita vya Mau Mau, watu walipokuwa wakiitilia mashaka kila amri iliyobarikiwa na wakoloni.

Hatusemi kwamba sheria ni bure. Tanzania ilitunga yake mwaka 1998, iwalindayo wasichana walio chini ya miaka 18, na adhabu yake yaweza kuwa kifungo cha miaka 5 hadi 15. Sheria humpa mzazi mwoga kisingizio kizuri: "Mimi ningefanya, lakini nitafungwa." Humpa msichana mahali pa kukimbilia. Lakini sheria ikiwa peke yake yaweza kuisukuma desturi gizani tu: watoto wakakatwa wachanga, au usiku, au ng'ambo ya mpaka.

VI. Mapatano ya pamoja

Basi dawa i wapi? Twende China kwanza. Kwa karne nyingi wazazi wa huko waliwafunga binti zao miguu tangu umri wa miaka kama mitano mpaka minane. Vidole vilikunjwa chini ya unyayo na kukazwa kwa vitambaa mpaka mifupa ikavunjika, ili mguu ubaki mdogo. Mwanamke mwenye miguu mikubwa hakupata mume wa heshima. Katika karne ya 17 watawala walijaribu kuikataza, wakashindwa. Lakini katika wilaya ya Ding, kaskazini mwa nchi, watafiti waliona kwamba wanawake karibu wote waliozaliwa kabla ya mwaka 1890 walikuwa wamefungwa miguu, na kati ya waliozaliwa baada ya mwaka 1919 hakuwamo hata mmoja. Desturi ya miaka mia nyingi ilikufa katika muda wa kizazi kimoja!

Ilikufaje? Sababu hazikuwa moja. Viwanda vya nguo viliziondoa kazi za mikono ambazo wasichana walizifanya wakiwa wameketi nyumbani. Shule zilifunguliwa, na amri za Serikali zilitolewa mwaka 1902 na 1912. Lakini palikuwa pia na vyama vya kuweka ahadi. Katika chama kilichoanzishwa Shanghai mwaka 1897 wanachama waliahidi mambo mawili: hawatawafunga miguu binti zao, wala hawatawaoza wana wao wanawake waliofungwa miguu. Angalia busara ya ahadi ile ya pili! Jamaa moja ikiacha peke yake, binti yake hukosa mume. Jamaa nyingi zikiacha pamoja, tena pamoja na wana wao, waume wamekwisha kupatikana.

Mwaka 1996 Mmarekani Gerry Mackie aliandika kwamba ukeketaji umefungwa kwa fundo lile lile, nao waweza kufunguliwa vile vile. Mwaka uliofuata, pasipo kungoja vitabu, wanawake wa kijiji cha Malicounda Bambara katika Senegal, waliokuwa wakisoma katika madarasa ya chama cha Tostan, walitangaza hadharani kwamba wameacha. Ilikuwa tarehe 31 Julai 1997. Jirani zao wengi waliwakasirikia. Ndipo mzee mmoja, imamu Demba Diawara wa kijiji cha Keur Simbara, alipotoa shauri. Alisema kwamba kijiji kimoja hakiwezi kuacha peke yake, kwa maana watu wake huoana na vijiji vingine. Wote waoanao ni jamaa moja, na jamaa nzima haina budi kuulizwa. Akashika njia kwa miguu, kijiji baada ya kijiji, akizungumza na ndugu zake bila kuwatukana. Mwezi wa Februari 1998 vijiji 13 vilikusanyika Diabougou na kutangaza pamoja. Sheria ya nchi ilifuata mwaka 1999.

Na hapa karibu, mwezi wa Agosti 1996, katika nchi ya Tharaka, jirani na Wameru wale wale, jamaa chache pamoja na chama cha Maendeleo ya Wanawake zilianza jando jipya la wasichana. Waliliita Ntanira na Mugambo, yaani kutahiriwa kwa maneno. Wasichana walikaa faraghani, wakafundishwa mambo ya utu uzima na heshima ya mwili, kisha wakatoka kwa ngoma na zawadi mbele ya watu wote. Ule mlango uliokosekana mwaka 1956 sasa ulijengwa, nacho kisu kikabaki nje.

Hatupendi kuficha kwamba ahadi hizo hazikutimizwa na wote, wala kila mahali. Lakini hesabu zaonyesha mwendo. Mwaka 1998, katika kila wanawake 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 38 walikuwa wamekatwa. Mwaka 2022 walikuwa 15. Katika Tanzania walikuwa 18 mwaka 1996, na 8 mwaka 2022. Kazi haijaisha, maana katika kaunti za Mandera na Wajir, Kenya, hesabu ya mwaka 2022 bado ilipita tisa katika kila kumi. Na katika Mkoa wa Mara, Tanzania, ziko nyumba ziwapokeazo wasichana wanaokimbia majira ya kukatwa yafikapo, hasa mwezi wa Desemba.

VII. Yatupasayo

Wazazi wapendwa, elimu isiyofika jikoni na barazani haitufai. Basi tutoe mashauri machache.

Kwanza, tuvunje kimya. Yule mwenzake mmoja wa kijana wa Asch hakuhubiri wala hakugombana. Alisema tu alichokiona, na robo tatu ya uongo ikaanguka. Baba anayesema mbele ya wageni, kwa utulivu, "Mimi binti zangu sitawakata," huenda akagundua kwamba watatu barazani walikuwa wakingoja neno hilo.

Pili, tusiiache jamaa moja ibebe mzigo peke yake. Shauri lifanywe na wale waoanao, hata wakiwa wa parokia nyingine au wa dini nyingine. Desturi iliyofungwa na wengi yafunguliwa na wengi. Jumuiya zetu na vyama vya akina mama ni mahali pazuri pa kuanzia, mradi watu wasije kusikiliza tu, bali waje kuahidiana.

Tatu, wanaume waseme. Mara nyingi husemwa kwamba jambo hili ni la wanawake. Lakini wasichana hukatwa ili waolewe, na waoaji ni nani? Vijana wa kiume wakitangaza kwamba wataoa wasiokatwa, ile kamba ya ndoa hukatika. Wazazi wao nao watangaze kwamba mahari haitapungua.

Nne, tusitupe mafundisho pamoja na kisu. Msichana anahitaji siku ya kuambiwa na watu wake, "Sasa umekuwa mtu mzima." Apewe mafundisho, nguo mpya, karamu na baraka za wazee. Ngariba naye asidharauliwe. Aliishi kwa kazi hiyo na kwa heshima yake, basi atafutiwe riziki nyingine na apewe mahali pa kufundisha lililo jema.

Tano, tumpokee aliyekwenda kinyume kwa haki. Msichana arudipo kutoka mahali alipokimbilia, asirudi kwenye kicheko. Mama wa kwanza kumwamkia njiani amfanyia kazi kubwa kuliko hotuba kumi. Na watoto wetu waonywe kwamba jina la kejeli laweza kumrudisha mwenzao kisuni.

Labda mtu atasema, "Mwataka tuache ya wazee wetu." Sivyo. Wazee wetu waliziweka desturi ili watoto wao wawe na kwao, wasiwe watumwa wa mtu. Desturi inayomlea mtoto na kumpa kwao ni urithi, na tuishike kwa mikono miwili. Ile inayomwumiza asiyeweza kukataa, kwa kuwa tu kila mtu amwogopa jirani yake, imekwisha kuligeuka kusudi la wazee. Swali la "Watu watasema nini?" halitakwisha duniani, wala si lazima likwishe. Watu ni sisi. Siku tutakapopatana kusema neno jingine, mtoto atakayezaliwa siku hiyo atalisoma katika nyuso zetu, naye atadhani kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote.